Kitanda cha Mtaa

Kila mwaka, masika yakiisha na barabara ya Kipatimu ikikauka kiasi cha kupitika, nawapeleka wanafunzi wangu wa darasa la tano Kilwa Kivinje wakaiguse nyumba ya bibi yangu.

Nasema wakaiguse kwa sababu ndivyo ilivyopangwa. Si nyumba ya kutazamwa mikono ikiwa nyuma. Humo mtoto anatwanga kwenye kinu, anakuna nazi kwa mbuzi iliyolainishwa na makalio ya vizazi vinne, anachota maji mtungini kwa kata, anasokota kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, pajani mpaka paja linawasha. Anapitisha kiganja kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na kiganja kinarudi cheupe kwa chokaa. Watoto wa vilimani, ambao kwao nyumba ni udongo, fito na bati, wakiingia mle hunyamaza wenyewe bila kuambiwa. Mna ubaridi wa namna yake. Jua la saa saba linaweza kuwa linachoma mchanga wa nje, lakini ukivuka kizingiti unahisi kama umewekewa kitambaa chenye maji usoni. Nimekulia kwenye ubaridi ule na bado sijui kuueleza vizuri.

Nilizaliwa Kilwa Masoko, ila likizo zote za utotoni nilizimaliza Kivinje, kwa bibi mzaa mama. Kikubwa ninachokumbuka ni dari. Mchana, baada ya kula, bibi alinilaza kwenye mkeka ukumbini, nami nikawa nahesabu boriti za mikoko zilizobeba paa. Sikuwahi kufika mwisho. Nikifika ya nane au ya tisa zinaanza kuogelea, moja inapanda juu ya nyingine, na nikizinduka adhuhuri imeshapita. Nikimwuliza bibi ziko ngapi, ananijibu nihesabu mwenyewe, macho ninayo. Alikuwa mtu wa majibu hayo. Hakuwa na papara ya kumfundisha mtu kitu ambacho mtu mwenyewe angeweza kukiona.

Halafu nyumba ikaanza kuchoka. Masika moja ukuta wa uani ulianguka, mwaka uliofuata paa likaanza kuvuja juu ya chumba cha mbele. Wajomba walikuwa wametawanyika, mmoja Dar, mwingine Mtwara, na kila mmoja alingoja mwenzake aseme atafanya nini. Ndipo wakaja watu wanaoshughulika na majumba ya kale. Walisema wataitengeneza yote, kwa mawe na chokaa kama ilivyojengwa, ila asikae mtu, ifunguliwe kwa ajili ya wanafunzi. Ukoo ukakutana. Mimi nilikuwa binti aliyetoka chuo cha ualimu mwaka uleule, mdomo wangu ukiwa na makali ya kisu kipya. Nilizungumza kuliko wakubwa zangu. Nikasema nyumba isiyomfundisha mtu ni kaburi tu. Nilitamka neno kaburi mbele ya bibi, ndani ya nyumba yake, na mpaka leo likinijia najiona nastahili kofi.

Ukoo ulikubali. Bibi hakubishana. Alifungasha msahafu wake, mto wake na kanga zake, akahamia kwa mama mdogo, vichochoro vitatu kutoka pale, kwenye nyumba ya bati iliyokuwa tanuri mchana kutwa. Kabla ya kutoka alisema jambo moja, na alilisema akiwa ananitazama mimi.

"Nyumba yangu sipigi hodi. Siku mtakayotaka nipige hodi, msiningoje."

Basi ndipo ulipoanza mzigo wangu. Nyumba ilipokamilika, nyeupe kama meno ya mtoto, nilikwenda kumwita aje aione. Akasema ana homa. Nilipokwenda tena akasema ana wageni. Mara ya tatu hakujisumbua kutafuta sababu, alisema haji. Kila nilipoteremka na watoto nilipitia kwake kwanza kumwamkia, naye aliniitikia vizuri, akanipa uji, akaniuliza habari za shule, habari za watoto, habari za mihogo ya huko vilimani. Habari ya nyumba hakuniuliza. Nilichokitaka kilikuwa kidogo tu, aingie mle hata mara moja kabla hajafa, nijue kwamba sikumfukuza. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji aliyegeuzwa mgeni hatukuambiwa atapona vipi.

Na kweli mle ndani kila mtu alikuwa mgeni. Aliwekwa mtunzaji, mama mmoja wa makamo kutoka Lindi mjini, msafi, mpole, mwenye kupenda utaratibu. Anayeingia apige hodi mlangoni, aitikiwe, avue viatu, kisha aandike jina kwenye kitabu cha wageni. Utaratibu mzuri kwa watoto, siupingi. Lakini nami niliandika. Miaka minne mfululizo jina langu limo kwenye kitabu cha wageni cha nyumba nilimojifunzia kutambaa.

Sasa nije kwenye kitanda, maana hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa.

Kupanga vyumba walinipa mimi, kwa kuwa ndiye niliyesema sana. Kwenye stoo ya nyuma nilikuta kitanda cha kamba, kirefu, cha mbao nzito, matendegu yake yamechongwa kwa ustadi. Katikati kamba zilikuwa zimeachana, pana pengo la kupitisha mkono. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba ni uchakavu. Bibi alikuwa amekiacha, nikafikiri ni kwa sababu ya uzito. Nikamwita fundi aliwambe lile pengo lifungwe, nikakiweka chumba cha mbele, nikakitandikia mkeka mpya na mto wa sufi, nikatundika chandarua cheupe. Kisha nikaandika kikaratasi kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kwamba hapa ndipo walipolala wenye nyumba. Sikumwuliza mtu. Na wa kuuliza walikuwepo tele, ila watu wa mtaa hawakuwa wakiingia mle. Nilidhani hawajali mambo ya kale. Kumbe walikuwa wamekaa nje pamoja na bibi, kila mtu kwake, kimyakimya.

Watoto walikipenda kitanda kuliko chochote. Kila mmoja aliruhusiwa kulala mpaka wenzake wahesabu ishirini. Wanalala chali, chandarua kimeshushwa, upepo wa pwani unaingia dirishani na kukivuta chandarua ndani na nje kama kinavyopumua kifua. Wapo waliosinzia kweli. Hata mimi, siku moja watoto wakila uani, nilijilaza kidogo nikapotea kabisa. Niliota niko kwenye mkeka ule wa ukumbini, na mtu ananipepea kwa kipepeo cha ukindu bila kuchoka. Nilipoamka nilikuwa na furaha isiyo na sababu, na mdomoni ladha ya tende.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwaka juzi. Tulitoka Kipatimu alfajiri, gurudumu la basi likapasuka kabla ya Njia Nne, tukafika Kivinje saa tano badala ya saa tatu. Nikaona tukipita kwa bibi tutachelewa zaidi, nitamwamkia wakati wa kurudi. Tukaingia kwa upande wa sokoni, moja kwa moja hadi nyumbani. Tulipiga hodi, tukaitikiwa, tukavua viatu, tukaandika.

Ilipofika saa sita nyumba ilikuwa imetulia kwa ile hali yake ya mchana. Mchi ulilia uani polepole. Wengine walikaa kwenye sakafu ya ukumbi wakisokota kamba, hawasemi. Katika chumba cha mbele mlikuwa na msichana mmoja mwembamba, aliyesimama kwenye basi tangu Njia Nne kwa kumpisha mwenzake mgonjwa. Zamu yake ya kulala ilipofika wenzake walihesabu ishirini, wakahesabu tena, hakuamka. Niliwaambia wamwache.

Nikasikia nyayo kwenye kizingiti. Hapakuwa na hodi.

Mtunzaji alinyanyuka na kalamu mkononi, kwa mazoea, akaanza kusema karibu bibi, akakatisha. Bibi yangu alikuwa ameshaingia. Amejitanda kanga, miguu mitupu, na nje barazani wamesimama wanawake wawili wa mtaani wakimngoja. Hakutazama kitabu. Aliinua uso kidogo, akapitisha macho kwenye boriti toka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayehesabu watoto wake jioni. Nilisahau hata kumwamkia. Nilikuwa nimeingoja siku ile miaka minne, nikaiona imekuja na sura nisiyoijua.

Akasema shoga yake amefariki alfajiri. Shoga huyo ni mwanamke wa nyumba ya ukuta wa pili, aliyechezwa ngoma ya unyago pamoja na bibi, na ambaye walipeana chumvi na moto maisha yao yote. Tuliitikia, sote ni wa Mwenyezi Mungu. Kisha akasema marehemu ameacha wasia.

"Nimefuata kitanda," akasema.

Nikamwuliza kitanda gani. Nasikia aibu kuandika kwamba niliuliza.

"Cha mtaa," akasema, akaelekeza kidevu chumba cha mbele, ambacho mlango wake ulikuwa wazi.

Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, watoto wakisikia. Kitanda kile hakikuwa cha kulala. Ni cha kuoshea maiti. Kilichongwa kabla yeye hajazaliwa, kwa ajili ya mtaa wote, kikahifadhiwa kwenye nyumba yetu kwa sababu ndiyo yenye mlango mpana. Lile pengo la katikati ndipo maji yanapopita. Mama yake alioshewa hapo. Babu yangu alioshewa hapo. Msikitini siku hizi kipo cha chuma, ndicho watu walichokitumia tangu nyumba ifungwe, lakini shoga yake alisema hataki baridi ya chuma mgongoni, anataka alipopita mama yake.

"Sikukisahau," akasema. "Nilikiacha kwa kuwa si changu. Nyumba ndiyo inayokitunza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kile kikaratasi changu kilikuwa pale, mwandiko mzuri, herufi zimenyooka. Na chini ya chandarua mtoto wa watu amelala fofofo.

Bibi aliingia chumbani. Nilidhani atafoka. Alikiinua chandarua kwa vidole viwili, akasimama akimtazama yule msichana kwa muda, upepo ukiingia na kutoka. Kisha akamgusa unyayo.

"Shikamoo bibi," msichana akasema, macho hayajafunguka vizuri.

"Marahaba mjukuu wangu. Umeota nini?"

"Nimeota nanyeshewa. Ila mvua yenyewe ilikuwa ya uvuguvugu."

Bibi aliitikia kwa kichwa, kama aliyeletewa salamu za mtu anayemfahamu. Akamshika mkono akamshusha, kisha akamwambia kitanda kile ni cha nini. Hakuzungusha maneno. Wenzake walirudi nyuma mpaka ukutani, na mmoja akaanza kulia. Mimi nilikuwa nawawazia wazazi wao, nitawaambia nini huko vilimani. Yule msichana akawa amesimama tu, anakiangalia kitanda.

"Kwa hiyo nitakufa?" akauliza.

"Utakufa," bibi akasema. "Nami nitakufa, na huyu mwalimu wenu msomi naye atakufa. Lakini si kwa sababu ya kitanda. Kitanda hakiiti mtu."

Sijui kwa nini hilo liliwatuliza, lakini liliwatuliza. Aliyekuwa akilia alijifuta kamasi akasogea. Mtunzaji, masikini, akasema kwa unyenyekevu kwamba kitu kikitoka lazima kiandikwe, na barua iwepo. Bibi akamjibu bila ukali kwamba kitanda hiki hakiandikwi. Anayekifuata hapigi hodi, kwa kuwa hodi ya msiba haina mtu anayetaka kuisikia. Anayekirudisha hapigi hodi pia. Na kikitoka lazima kirudi kabla jua halijatua. Mtunzaji aliweka kalamu mezani.

Kisha bibi akaketi sakafuni, akanyoosha miguu, akatazama ule uwambaji niliolipia fundi. Alicheka kidogo puani.

"Si mmeambiwa mguse?" akawaambia watoto. "Haya, guseni."

Walilifungua lile pengo wao. Mafundo ya fundi yalikuwa magumu, walitumia meno na kucha. Kamba nyingi zilikatika kwa ukale, zikahitajika nyingine, na nyingine zilikuwepo, zile zile walizozisokota asubuhi kwenye mapaja yao. Bibi aliwaonyesha namna ya kuanzia kwenye mfumbati, ule ubao wa ubavuni, kuvuta, kupitisha chini, kukaza kwa goti. Hakusema sana. Alishika kidole cha mtoto akakipeleka panapotakiwa. Watoto kumi na wawili walikizunguka kitanda vichwa vikiwa karibu karibu, na katika chumba kizima ukasikika mlio wa kamba tu, krru, krru. Nilikaa pembeni nikaona kitu ambacho miaka minne yote sikuwahi kukiona mle, nyumba ikifanya kazi.

Yule msichana alipewa pembe ya miguuni. Fundo lake lilikwenda upande, likapinda vibaya, kamba ikapanda juu ya mwenzake. Nikainama nilifungue nilirekebishe. Bibi akaushika mkono wangu.

"Liache hivyo hivyo. Maji yatapita."

Hakuuachia mkono mara moja. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Nilitaka nimwombe radhi pale pale, nikaishia kulitazama lile fundo, naye akauachia, akasema haya, tunyanyue.

Wanawake wawili waliingia, tukakibeba wanne, tendegu kwa tendegu. Watoto walijipanga kwenye kichochoro wenyewe. Wachache waliotoka familia za misheni walifanya ishara ya msalaba haraka haraka. Bibi aliwaona, akawapitia akiwainamishia kichwa. Alasiri kitanda kilirudi kimeoshwa, bado kinadondosha maji, na waliokirudisha waliingia kama watu wanaorudi kwao.

Tangu siku hiyo bibi alikuwa akija. Kila nikileta watoto ananikuta au namkuta, ameketi ukumbini, anasimamia uwambaji na kumkosoa mtunzaji jinsi anavyoshika mbuzi. Watu wa mtaa nao wakaanza kuingia. Kikaratasi nilikichana. Mzazi mmoja wa Kipatimu alinifuata mpaka ofisini kuniuliza kama ni kweli mwanawe alilazwa kitanda cha maiti, akanisema, na alikuwa na haki. Mwaka uliofuata alimleta na mdogo wa mtoto yule. Lakini juu ya lile neno langu la kaburi, juu ya kumtoa kwake, bibi hakusema chochote. Alinipa uji, akaniuliza habari za mihogo. Nikajifunza kuishi bila jibu.

Mwaka huu, mikorosho ikianza kutoa maua, mama mdogo alinipigia simu asubuhi nikiwa darasani. Niliwaacha watoto na mwalimu mwenzangu, nikashuka kwa gari la mizigo mpaka barabarani, na kutoka Nangurukuru nikachukua bodaboda. Nilipofika maji yalikuwa yameshachemshwa, sanda imeshakatwa, wanawake wote wameketi. Nikauliza wanangoja nini. Mama mdogo akasema wananingoja mimi. Bibi aliacha wasia mfupi. Alisema kitanda akifuate mwalimu.

Nikayakumbuka maneno yake ya mwaka juzi. Anayekifuata hapigi hodi. Alikuwa amenijibu.

Nilikwenda. Mtunzaji alikuwa amefungua mbao zote mbili za mlango, amejisogeza kando, na kitabu cha wageni hakikuwepo mezani. Nilivuka kizingiti kimya. Ubaridi ule ukanipokea usoni, nikalia humo ndani kwa mara ya kwanza tangu utotoni.

Katika kumwosha mimi nilimimina maji. Mama mdogo aliyapima kwa kiwiko, yakawa ya uvuguvugu. Nilianza kichwani nikashuka, kata baada ya kata, na nilipofika miguuni niliona lile fundo lililopinda, kamba imepanda juu ya mwenzake, imekazwa na mtoto aliyekuwa ametoka usingizini. Maji yalipita.

Jua lilikuwa limeshuka juu ya paa za jirani tulipokirudisha. Mama mdogo alitangulia kwenda kupokea wageni. Nilibaki ukumbini peke yangu, nikaketi kwenye sakafu pale palipokuwa na mkeka wangu, nikainua uso nikaanza kuhesabu. Safari hii usingizi haukuja. Nilizihesabu zote, moja moja, mpaka ukuta wa mwisho. Boriti ni kumi na tisa.